Mnaufunguaje mwaka mpya wa homskuli? Mi nasema nyumba isiyo na siku ya kufungua, mwaka hauanzi

#1 MamaPacha
Habari za humu wadau. Tunakaribia kuanza mwaka na najua wengi humu mnasomesha watoto wenu wenyewe nyumbani, naomba tulijadili hili.

Hoja yangu: nyumba isipokuwa na siku maalum ya kufungua mwaka, mwaka hauanzi. Watoto wanateleza tu kutoka likizo hadi kwenye vitabu, hawajui wamevuka lini, na wewe mzazi unabaki kusukumana nao kila asubuhi. Mtoto wa shule ana vitu kibao vinavyomwambia mwaka umeanza, kuna sare, kuna begi, kuna geti, kengele, mwalimu mpya, rafiki zake hajawaona muda. Wa kwetu anaamka kitanda kilekile, anakaa meza ileile, na mwalimu ndo yuleyule aliyemfokea jana usiku akaoge. Huo mlango usipomtengenezea wewe nani atamtengenezea?

Kwetu usiku wa kuamkia siku ya kwanza watoto wanalala mapema, sisi tunabaki kupanga meza. Kila mmoja asubuhi anakuta mahali pake pamefunikwa kitambaa, chini yake kuna vitu vyake vya mwaka mzima, madaftari, penseli zote zimeshachongwa, vitabu vimevalishwa jalada na jina limeandikwa. Hakuna kufunua mpaka wote wamekaa, na wa mwisho kukaa ndo anahesabu moja mbili tatu. Mdogo huwa anaingiza kidole chini ya kitambaa anapapasa taratibu akidhani simwoni. Hicho kitambaa kimenisaidia kuliko ratiba zote nilizowahi kubandika ukutani.

Sasa nyie mnafanya nini? Na mnadhani kinachofanya kazi pale ni nini hasa, ni vitu vipya, ni ile siku yenyewe, au kuna kingine?

#2 Kipanga
Naunga mkono hoja. Ila sisi ni kinyume, siku ya kwanza hakifunguliwi kitabu hata kimoja. Siku ileile ambayo watoto wengine wanarudi darasani sisi tunatoka, tunaenda sehemu yenye maji au miti, tunarudi jioni. Raha yake huko mnakoenda hakuna foleni wala kelele, watoto wote wako shule. Wanangu wanajua hiyo ndo siku ya kuanza, na kesho yake wanakaa mezani bila kuitwa. Nadhani kinachofanya kazi ni kwamba wanaanza na kitu kizuri cha kuchagua hii njia, wanaona faida kabla ya kuona kazi.

#3 FundiChaki
Mimi nilifundisha shuleni miaka mingi kabla sijahamia kwa wanangu, so nitaongea kama mwalimu. Vitu vipya vina nguvu lakini vinaisha haraka sana. Kitu kinachobaki ni kumbukumbu. Kila mwaka siku ya kwanza nawakalisha mmoja mmoja nawarekodi sauti, maswali ni yaleyale kila mwaka: unapenda kufanya nini, kitu gani kinakupa shida, ungependa mwaka huu ujue kufanya nini, nani rafiki yako, unaogopa nini. Halafu kabla ya kurekodi mpya tunasikiliza ya mwaka jana. Mtoto anajisikia akiwa na sauti ya kitoto anasema anaogopa kusoma kwa sauti, na sasa hivi anasoma kila siku bila wasiwasi. Hapo huhitaji kumhubiria kwamba amekua.

Angalizo: maswali msibadilishe. Ukibadilisha huwezi kulinganisha.

#4 Mwanamaji
@MamaPacha swali la uchokozi kidogo. Hicho kitambaa kinadumu mpaka wiki ya ngapi? Maana kwetu tulianza kwa mbwembwe zote, mabango, maputo, picha, wiki ya tatu watu wamelala kwenye meza. Mi naona sherehe ni kitu cha wazazi, tunajifurahisha sisi.

#5 MamaPacha
@Mwanamaji kitambaa kinafanya kazi siku ile, sijasema kinafanya kazi mwaka mzima 😄 kazi yake ni kuanzisha. Kuendelea ni suala lingine.

#6 MsomajiMkimya
Mara nyingi nasoma tu sichangii ila hili limenigusa. Swali la MamaPacha la "nini kinafanya kazi" lina majibu ya kitafiti. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walitoa utafiti kuhusu mianzo mipya. Waliangalia watu wanatafuta habari za kupunguza mwili kwenye Google siku zipi, na wanafunzi wa chuo wanaenda jimu lini, wakakuta inapanda mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi, mwanzo wa mwaka, mwanzo wa muhula, hata baada ya birthday. Maelezo yao ni kwamba tarehe yenye uzito inamtenga mtu na yule wa jana aliyeshindwa, anajiona ana ukurasa safi. Kwa hiyo kaka Mwanamaji sio kujifurahisha, akili ya binadamu kweli inashika tarehe.

#7 TundaBichi
Sisi hatufungui na hatufungi. Watoto wanajifunza mwaka mzima, wakipenda kitu wanakifuata, wakichoka wanakiacha wanarudi baadaye. Huyo John Holt aliyeanzisha jarida lake la familia zinazosomesha bila shule mwaka 1977 alisisitiza sana hilo, kwamba mtoto hajifunzi kwa sababu kengele imelia. Ukimwekea siku ya kufungua unamfundisha kwamba kuna siku za kujifunza na kuna siku za kutojifunza. Likizo yote alikuwa anajenga vitu, anasoma, anauliza, leo unamwambia "sasa tunaanza". Je alichokuwa anafanya juzi kilikuwa nini?

#8 Kipanga
@TundaBichi hapo umenipiga pazuri. Ila hata nyie si mna birthday? mwaka mpya? watu wanapenda alama tu.

#9 TundaBichi
Tunazo. Kila birthday mtoto anapewa ruhusa mpya moja na jukumu jipya moja. Yaani mfano ruhusa ya kutumia kisu kikali jikoni, jukumu la kufua nguo zake mwenyewe. Hiyo ndo alama yetu, inamfuata mtoto haifuati kalenda ya shule.

#10 MamaPacha
Dah hiyo ya ruhusa na jukumu naiiba leo leo. Asante sana.

#11 BiHesabu
@MsomajiMkimya utafiti uko sawa lakini usiuvute kupita pale. Ule ulihusu watu wazima na wanachuo, hakuna watoto wa miaka 7 mle. Na huyohuyo Dai alitoa mwingine mwaka 2018 unaoonyesha upande wa pili: kuanza upya kunawasaidia waliokuwa wanafanya vibaya, waliokuwa wanafanya vizuri kunaweza kuwavuruga. Alitumia takwimu za wachezaji wa besiboli Marekani, wale ambao takwimu zao za msimu zilianza upya sifuri baada ya kuhamishwa ligi katikati ya msimu.

Mi hili nimeliona mezani kwangu. Wa kwanza alikuwa anachukia hesabu, mwaka mpya ulimsaidia, daftari jipya, kitabu kingine, akaona ile aibu ya daftari lililojaa mistari myekundu imepotea. Wa pili alikuwa katikati ya kitabu kirefu cha historia anakifurahia mwenyewe, tukamwambia subiri tufungue mwaka na vitabu vipya, kile cha zamani hajakirudia mpaka leo. Sasa hivi usiku wa kuandaa nauliza kwanza, wewe una kitu unakiendeleza? Chake kinabaki kilipo na alama ya ukurasa ileile, hakifunikwi wala hakiguswi.

#12 MsomajiMkimya
Umesema kweli kuhusu umri, asante kwa kurekebisha. Huo wa 2018 unaongeza uzito kwenye mada.

#13 Mwanamaji
Kwa hiyo MamaPacha kitambaa chake awafunike walioshindwa tu? 😂 Mama Kitambaa njoo ujibu.

#14 MamaPacha
Mama Kitambaa nimelipokea jina. Na ndio, BiHesabu amenifanya nifikirie, mmoja wa pacha ana project yake ya ndege anachora kila ndege anayemwona. Ile nitaiacha wazi mezani katikati.

#15 BabaShifti
Wakuu mi nasomesha mwenyewe, nafanya kazi za zamu, wiki hii usiku wiki ijayo mchana. Hakuna "asubuhi ya siku ya kwanza" kwangu. Tulichofanya ni kutenganisha siku na sehemu. Kuna kitoroli cha magurudumu, vitabu vyote vinakaa humo. Kufungua mwaka kwetu ni kukisafisha. Tunakitoa kila kitu sakafuni, tunapangua, penseli fupi kabisa zinaenda kwenye mkebe wa wageni, kalamu zinajaribiwa moja moja kwenye karatasi chakavu, zilizokauka zinatupwa, gundi inafunguliwa inaangaliwa. Mkubwa anaandika orodha ya vilivyopungua, mdogo anafuta vumbi. Kikisharudi kamili, kinasukumwa mpaka mezani, mwaka umeanza hata kama ni saa tatu usiku. Na kila kikisukumwa mpaka mezani watoto wanajua baba sasa ni mwalimu, kikirudishwa kona baba ni baba.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: sio siku, ni mpaka kati ya mzazi na mwalimu. Watoto wa homskuli shida yao kubwa ni hiyo, mtu mmoja ana kofia mbili.

#16 FundiChaki
@BabaShifti hilo ndo jibu bora humu mpaka sasa. Nilipoanza nyumbani mwanangu aliniuliza "naongea na mwalimu au na mama?" maana alitaka kunishtakia mwalimu.

#17 NuruNdogo
Shikamooni wakubwa. Naomba msaada, mi ndo naanza, nimemtoa mwanangu shuleni katikati ya mwaka hali haikuwa nzuri kule, alikuwa analia kila asubuhi. Sasa mwaka mpya unakuja. Nikimfanyia hayo ya madaftari mapya na meza si nitamrudishia kule alikokimbia?

#18 TundaBichi
@NuruNdogo marahaba mwanangu. Usimfungulie mwaka. Wanaosomesha nyumbani wana kanuni ya kienyeji ya kumpa mtoto mwezi mmoja wa kupumzika kwa kila mwaka aliokaa shule, atulie, arudi kuwa na hamu. Sio sheria wala sio utafiti, ni uzoefu wa wazazi. Msomee kwa sauti, tembeeni, acha aone siku zisizo na machozi.

#19 BiHesabu
Nakubaliana na shangazi TundaBichi kwa sehemu. Lakini sio watoto wote. Kuna mtoto ambaye kukosa utaratibu ndo kunamtisha, hajui leo itakuwaje. Huyo umpe alama ndogo sana, mfano wimbo mmoja kila asubuhi au kuwasha taa fulani. NuruNdogo mtazame mwanao asubuhi hana cha kufanya anakuwaje, anatulia au anahangaika? Utapata jibu.

#20 NuruNdogo
Anatulia. Anakaa chini anachora kimya kimya muda mrefu. Asanteni, nimeelewa.

#21 BabaShifti
Basi muachie kuchora. Na wewe mwenyewe upumzike, mzazi aliyemtoa mtoto katikati ya mwaka huwa amechoka kuliko mtoto.

#22 Kalamu_Kavu
Nimechelewa uzi. Kwetu kuna ile ya Kijerumani, koni kubwa ya karatasi imejazwa zawadi ndogo ndogo anapewa mtoto siku ya kwanza. Niliiona mtandaoni familia za homskuli wanaifanya sana, nadhani ndo mila ya homskuli Ujerumani.

#23 MsomajiMkimya
@Kalamu_Kavu koni ni ya Ujerumani kweli, ilianzia maeneo ya Saxony na Thuringia mwanzoni mwa karne ya 19, lakini ni mila ya shule, anapewa mtoto anayeingia darasa la kwanza. Homskuli Ujerumani hairuhusiwi isipokuwa kwa sababu chache sana, mtoto lazima ahudhurie shule. Kwa hiyo familia ulizoziona zimeiazima.

#24 Kalamu_Kavu
Sawa mkuu, nimejifunza. Lakini wanangu koni zao hawanipi ruhusa ya kuacha 😄 na sisi tunaweka vitu vya kazi, kifutio, rula, kamba, kioo cha kukuzia, karatasi ya kwanza ya fumbo ambalo litaendelea mwaka mzima. Kila mwezi kipande kimoja cha fumbo.

#25 Mwanamaji
Mwenzetu kaazima mila ya nchi ambayo yeye mwenyewe ingemkamata 😂

#26 Mdau_wa_Sheria
Mmegusa sheria ngoja niseme, maana watu wengi wanafungua mwaka kwa maputo halafu wamesahau karatasi. Kila sehemu ina utaratibu wake na unabadilika. Mfano Ufaransa, zamani mzazi alikuwa anatoa taarifa tu, tangu mwaka wa masomo wa 2022 anaomba kibali na maombi yanapokelewa kati ya Machi 1 na Mei 31. Uswidi sheria mpya ya elimu iliyoanza kutumika 2011 iliibana homskuli mpaka iwe kwa sababu za kipekee kabisa. Marekani kila jimbo na lake, Pennsylvania mathalani mzazi anawasilisha kiapo kila mwaka kabla ya Agosti 1 na anatunza kumbukumbu ya siku 180 za masomo. Kwangu mila ya kwanza ya mwaka ni faili. Tunakaa na mkubwa tunaandika pamoja malengo, anaweka sahihi yake chini ya yangu. Anajua elimu yake ina maandishi na ana haki nayo. Kijana wa miaka 12 akiweka sahihi kwenye karatasi ya kweli anakaa wima.

#27 FundiChaki
Hiyo ya sahihi nzuri. Na watunze nakala. Nyongeza, karatasi zile za mashine za risiti zisizotumia wino zinafifia zinakuwa nyeupe, msihifadhie kumbukumbu humo. Barua za watoto waandike kwa penseli, penseli haififii hovyo.

#28 Mama_wa_Mlangoni
Sisi ni fremu ya mlango. Kila mwaka siku ya kwanza urefu unachorwa pale. Nina swali lakini, mwaka jana mkubwa alitoka mfupi kidogo kuliko alivyopimwa miezi kadhaa nyuma, tukabishana sana, akasema nimemwibia.

#29 BiHesabu
@Mama_wa_Mlangoni mlimpima saa ngapi? Binadamu asubuhi ni mrefu kuliko jioni, inaweza kufika kama sentimita 1, kwa sababu zile pingili za uti wa mgongo zina vifaa laini katikati vinabanwa na uzito mchana kutwa, usiku ukilala vinajaa tena. Pimeni saa ileile kila mwaka, peku, visigino ukutani, na juu ya kichwa mweke kitabu kigumu kilichokaa mraba na ukuta sio mkono.

#30 Mama_wa_Mlangoni
Subhanallah, mara ya kwanza ilikuwa asubuhi na ya pili jioni! Namwonyesha hii. Tena naifanya somo la kwanza la mwaka, wapimane asubuhi na jioni wiki nzima waandike.

#31 Kipanga
Ona sasa, uzi umezalisha somo la sayansi. Hii ndo raha ya homskuli.

#32 Mzee_Ratiba
Nimesoma wote. Mnasahau kitu kimoja, wataalamu wanasema tabia inajengeka kwa siku 21. Kwa hiyo mila ya kufungua iwe ya siku 21 sio siku moja. Sisi siku hizo zote ratiba haivunjwi hata mgeni akija, baada ya hapo inajiendesha yenyewe. Ndo jibu la Mwanamaji na wiki yake ya tatu.

#33 MsomajiMkimya
Mzee heshima yako, ila hiyo 21 ilitokana na daktari wa upasuaji wa urembo Maxwell Maltz, mwaka 1960, aliyeona wagonjwa wake wanachukua angalau kama siku 21 kuzoea sura mpya. Haikuwa kipimo cha tabia. Phillippa Lally na wenzake walipopima London, matokeo yakatoka 2009, watu walichukua kati ya siku 18 na 254 na ya katikati ilikuwa 66. Na wakakuta kuruka siku moja hakuharibu.

#34 Mzee_Ratiba
Asante kijana. Basi hata hivyo hoja yangu inazidi kuwa na nguvu, kama ni 66 basi siku moja ya kitambaa haitoshi kabisa. Na hilo la kuruka siku moja ningelijua zamani, mgeni angekaribishwa.

#35 Mwanamaji
Kwa hiyo wiki ya tatu watoto wangu hawakuwa wavivu, walikuwa bado katikati ya safari. Hii imenipa nafuu kweli. Nilishaanza kuamini homskuli hatuiwezi.

#36 MamaPacha
@Mwanamaji rudi basi, na weka kitu kidogo wiki hiyo ya tatu. Mfano mabadiliko ya sehemu, somea nje, au badilisheni viti.

#37 Kipanga
Au safari nyingine. Wiki ya tatu ndo wiki ya safari kwetu kuanzia mwaka huu.

#38 Kalamu_Kavu
Suala la kusahau likizo hamjaligusa. Sisi wiki ya kwanza ni marudio matupu, mila ya nyumba, kwa sababu mtoto akipumzika anapoteza vingi.

#39 BiHesabu
Inategemea. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakasema hasara ya likizo ndefu ni kama mwezi mmoja wa masomo, hesabu zaidi ya kusoma. Baadaye 2019 von Hippel na Hamrock wakaonyesha kwamba matokeo ya aina hiyo yanabadilika sana kutegemea mtihani ulivyotengenezwa. Kwa mzazi mwenye watoto watatu mezani ni rahisi kuliko hivyo, mpe maswali machache ya kila mada uone. Alichokumbuka ruka. Wiki nzima ya marudio kwa mtoto anayekumbuka ni njia nzuri ya kumchosha kabla hajaanza.

#40 Kalamu_Kavu
Mh. Wa kwangu wa katikati kila mwaka anasema "haya tulishafanya". Kumbe alikuwa ananiambia kitu.

#41 Dada_wa_Wote
Mnaongelea wadogo tu. Nina kijana wa miaka 15, hataki picha, hataki kitambaa, hataki kurekodiwa, akiona kamera anaingia chumbani. Mila ya miaka yote imekufa na mimi nimeumia jamani, nilikuwa na picha zake zote kwenye ngazi ileile tangu akiwa mdogo.

#42 FundiChaki
Pole dada. Mwachie achague yeye namna. Wangu alikubali kupiga picha ya viatu tu, viatu vyake pale ngazini. Miaka miwili ilikuwa viatu. Ukubwa wake unaonekana vilevile.

#43 Mdau_wa_Sheria
Kwa umri huo mpe kiti cha mwenye mkutano. Sisi mkubwa ndo anaendesha kikao cha kufungua, anakuja na ajenda, masomo anayotaka, analotaka kuacha na kwanini, saa za kuamka. Sisi tunajadiliana naye. Mwaka juzi aliomba kuamka saa mbili badala ya saa kumi na mbili na nusu, tukakubali kwa sharti kazi iishe, na iliisha.

#44 TundaBichi
Ndo nilichosema tangu mwanzo, mumpe mtoto mwaka wake. Afadhali mngeanza wakiwa na miaka 5.

#45 BabaShifti
Shangazi mtoto wa miaka 5 akiendesha kikao ajenda itakuwa mbwa, trampolini na kutolala.

#46 TundaBichi
Na mkiijadili kwa heshima akifika 15 hatajifungia chumbani.

#47 Dada_wa_Wote
Nimemuuliza leo jioni. Picha hataki bado. Ila kasema atakubali kuwapiga wadogo zake yeye mwenyewe, na kamera abaki nayo. Nimekubali.

#48 NuruNdogo
Samahani kurudisha nyuma. Huyu mwanangu niliyemtoa shuleni ana dada mkubwa anayeendelea shule, yeye mdogo anabaki na mimi. Asubuhi ile mmoja ana begi na sare, mwingine hana. Mnafanyaje ili mmoja asijione ameachwa?

#49 Mama_wa_Mlangoni
Nyumba mchanganyiko kama yangu. Wote wawili wanapimwa fremuni asubuhi ileile kabla ya yeyote kutoka, na wote wanajiandikia barua ya kufunguliwa mwaka ukiisha, halafu tunamsindikiza wa shule pamoja, wa nyumbani ndo anabeba begi la dada yake mpaka getini. Tukirudi njia tunayorudi nayo ni tofauti na ya kwendea, ndefu zaidi, na hiyo ndo saa yake ya kwanza na mimi peke yetu.

#50 FundiChaki
Ongeza jioni pia, wa shule akirudi asimulie, na wa nyumbani naye asimulie. Asiulizwe mmoja tu "leo umejifunza nini". Mjomba na shangazi wakipiga simu waambie mapema waulize wote wawili, maana hao ndo huwa wanaharibu bila kujua.

#51 Mzee_Ratiba
Hilo la ndugu ni kweli tupu. Mi nadhani nusu ya sherehe za kufungua ni kwa ajili ya ndugu, waone picha waache kuuliza mtoto anarudi shule lini.

#52 MamaPacha
Mzee umetoa maelezo ya tano sasa, hatujakubaliana hata moja 😄 mpaka sasa tuna ukurasa safi, mpaka wa mzazi na mwalimu, kumbukumbu, mtoto kuwa na kauli, na ndugu.

#53 BabaShifti
Mi bado nasimama na mpaka.

#54 FundiChaki
Na mimi kumbukumbu.

#55 NuruNdogo
@Mama_wa_Mlangoni hiyo ya kubeba begi nimeipenda. Nimemwambia mwanangu, akauliza kama begi ni zito. Nikamwambia siku ya kwanza halina kitu. Naomba kujua, barua mnawafungulia lini hasa, siku ya mwisho ya masomo au siku ya kufungua mwaka unaofuata?

#56 Mama_wa_Mlangoni
Siku ya kufungua unaofuata, kabla ya kuandika mpya. Na wewe andika yako, usiwaachie watoto peke yao.